Goti Langu Mmelipangia Nyumbani

Orest Hnatiuk,
Nyumba ya kijani nyuma ya uwanja wa barafu,
Sokal Lake, Manitoba.
Jumanne, mwezi wa sita.

Kwa Dkt. Solange Desrochers,
Mkuu wa Utafiti wa Magoti,
Hospitali ya Mkoa.

Nakala: Kamati ya Maadili ya Utafiti, na shemeji yangu Baldur, asije akasema nimemsengenya.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: MALALAMIKO YA KUPANGIWA NYUMBANI, NA OMBI LA KUHAMIA KLINIKI KABLA YA MWEZI WA NANE

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako yote mawili. Huku kwangu goti la kulia halijambo na linakusalimu. La kushoto ndilo lililonituma niandike.

Pengine jina langu hulikumbuki kwa sababu mlinipa namba. Mimi ni yule mtu mrefu mwenye masharubu ambaye siku ya kutia sahihi alikuuliza kama mkimaliza kulitafiti goti mtamrudishia. Ulicheka, nami nikakupenda kuanzia siku hiyo, kwa hiyo yote nitakayosema hapa chini uyasome kama maneno ya mtu anayekupenda lakini amekasirika.

Elimu yangu si kubwa. Shule niliiacha darasa la kumi, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini kabla ya kuajiriwa na mji kuendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani, nimeendesha lori kutoka Alaska mpaka Monterrey. Nimekula nyoka Texas, nimeombwa ushauri wa ndoa na polisi wa Nebraska aliyekuja kuniandikia faini, na nimeamua ugomvi wa watu ambao lugha yao sijui hata neno la salamu, wakashikana mikono. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo fulani haliko sawa, ujue limepimwa na mtu aliyetembea.

Nianze na historia, ili Kamati ya Maadili isiseme nimerukia katikati.

Majira ya baridi ya mwaka jana, katika ligi yetu ya wazee ya hoki, nilifunga bao. Lilikuwa bao zuri kuliko uwezo wa timu yetu, na furaha ikanizidi. Nikapiga goti moja kwenye barafu niteleze nikishangilia, kama vijana wanavyofanya kwenye televisheni. Goti likabaki pale, mimi nikaendelea mbele. Baldur, aliyemwoa dada yangu, akaja kwa kasi kunikumbatia, akanikwaa, na goti lake nalo likaelekea upande ambao goti haliendi. Bao lilikataliwa.

Ndani ya kila goti, kama unavyojua kuliko mimi, kuna kano inayoushika mguu wa chini usiutoroke wa juu. Yetu ilikuwa imekatika, yake na yangu. Tulipanga foleni ya upasuaji pamoja, tukapasuliwa Januari wiki moja, na daktari mmoja, ambaye alitutengenezea kano mpya kutoka kwenye mapaja yetu wenyewe. Tukiwa bado tumelala, ninyi mkaja na utafiti wenu. Mlitaka kujua ni nani anapona vizuri zaidi baada ya upasuaji huu: ni yule anayekwenda kliniki kusimamiwa na mtaalamu wa viungo, au ni yule anayefanya mazoezi nyumbani kwa kufuata kijitabu na kupigiwa simu. Mimi nilikubali kwa ajili ya binadamu wote. Baldur alikubali kwa sababu mimi nilikubali. Kompyuta ikapiga kura: Baldur kliniki, mimi nyumbani.

Hili lingekuwa jambo la kucheka tu, kama si harusi.

Binti yangu Kalyna, mtoto wangu wa pekee, anaolewa mwezi wa nane katika ukumbi wetu wa Kiukraini. Kwetu, saa ya kolomeika ikifika, muziki unaongezwa kasi, watu wanafanya duara, na mmoja mmoja anaingia katikati kuonyesha alichonacho miguuni. Baba wa bibi harusi anaingia. Haombwi wala haulizwi. Baba yangu, kwenye harusi ya dada yangu, aliingia akiwa na miaka sitini na ushee na sigara mdomoni, akachuchumaa, akarusha mguu huu na ule mpaka mpiga kodiani akaomba maji.

Upande wa bwana harusi, Bram, ni Wamenonaiti, Wakristo wa dhehebu la zamani. Ni watu safi, wachapa kazi, wanaimba sauti nne bila kutazama karatasi. Lakini kwa babu zao kucheza ngoma ilikuwa dhambi, na dhambi ilipoondolewa, aibu ilibaki. Watasimama ukutani wameshika sahani. Kwa hiyo wanaume wa familia wa kutegemewa katika duara lile ni wawili, mimi na shemeji Baldur. Na Baldur ni mtu wa asili ya Iceland. Akicheza anafanana na mtu anayetafuta funguo mifukoni.

Huyo ndiye mliyempa mtaalamu.

Sasa nashuka kwenye malalamiko, moja baada ya jingine.

1. KURA. Niliambiwa kompyuta haina upendeleo. Sina ugomvi na kompyuta, hata binti yangu anafanya nayo kazi. Ila kura kwetu hupigwa kwenye kofia ya sufu, mbele ya watu, na anayechomoa karatasi anakunja kwanza mikono ya shati. Nilipouliza kofia iko wapi, yule dada wa ofisini kwako alinijibu kwa upole, "Bwana Hnatiuk, kura imepigwa na kompyuta iliyoko Winnipeg." Kura gani hiyo inayopigwa mji mwingine, wenye magoti hatupo? Na je, ilipopiga iliuliza nani kati yetu ana binti wa kuoza? Haikuuliza. Baldur ana watoto wa kiume watatu, wote wanakula tu.

2. MTU WA KIJITABU. Katika kijitabu chenu kuna mtu amechorwa akifanya mazoezi. Hana uso, hana nywele, na kwa kadiri ninavyoweza kuona hajawahi kupasuliwa. Nimeishi naye tangu Januari. Ukurasa wa tatu amelala chali anakaza paja. Ukurasa wa tisa bado amelala chali, na soksi zilezile. Mimi nalia machozi kulinyoosha goti likae sawasawa na sakafu, yeye ametulia kama yuko ufukweni. Mke wangu Darka alimhurumia, au alinihurumia mimi, akamchora masharubu ili nipate mwenzangu. Kweli tangu siku hiyo ninakunja goti vizuri zaidi. Lakini si kazi ya Darka kumalizia utafiti wenu.

3. MAKOFI. Kule kliniki kuna kijana wa kumsimamia Baldur, mwenye mikono kama mapaja na saa shingoni. Baldur hanifichi kitu. Alhamisi moja alikuja kwangu, akajimwaga kwenye kochi, akasema, "Shemeji, leo nimesukuma chuma kwa mguu mpaka mwisho, jamaa akanipigia makofi. Akaniambia, safi sana, bingwa wangu."

Baldur, bingwa. Mtu aliyewahi kupotea ndani ya duka la mbao.

Nilikwenda jikoni nikamwomba Darka naye anipigie makofi ninapochuchumaa. Alipiga. Akasema, "Haya bingwa, maadamu umeshafika huko chini, pitisha fagio chini ya kabati." Nauliza kwa heshima: hilo nalo ni tiba? Limeandikwa wapi?

4. SIMU. Kila wiki muuguzi wenu hunipigia, na ni mtu mwema. Tatizo ni kwamba anataka namba tu. Aliniuliza maumivu yangu ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nikamjibu, "Leo ni kama kiatu kilicholoa." Akasema, "Hiyo ni ngapi, Bwana Hnatiuk?" Nikamwambia, "Ni kiatu cha kushoto, na safari bado ni ndefu." Akasema, "Nitaandika tatu." Wiki iliyofuata maumivu yalikuwa kama kukaa karibu na mtu anayetafuna barafu, kitu tofauti kabisa. Akaandika tatu tena. Daktari, siku mtakapochapisha utafiti huu dunia itasoma kwamba Hnatiuk alikuwa tatu, tatu, tatu, kama mtu asiye na maisha.

5. Hili nimelifuta. Lilihusu biskuti za kliniki, na Darka anasema linanishushia hadhi.

6. KUNYAMAZISHWA. Hapa ndipo nilipoumia zaidi kuliko kwenye barafu.

Kuna Bibi Marivic Dumalagan, mpimaji wenu, anayekuja na gari la vipimo kila baada ya wiki sita. Sheria yenu ni kwamba Bibi Marivic asijue nani ni wa kliniki na nani ni wa nyumbani, ili jicho lake lisimpendelee mtu. Sheria hiyo nimeielewa na naisifu. Ingewafaa hata waamuzi wa hoki. Lakini mmefikiria mnamtendea nini mtu kama mimi? Mnanikalisha saa nzima mbele ya mwanamke mchangamfu, msikilizaji, anayetoka Iloilo, ng'ambo ya bahari, na anayejua kuuliza habari za nyumbani, halafu mnanikataza habari moja tu, nayo ndiyo habari pekee niliyonayo. Mimi nimewahi kunyamaza mara moja maishani, walipokuwa wananipasua, na hata hapo nasikia niliwaeleza kuhusu Monterrey.

Mara ya kwanza alinionya mapema. "Kaka Orest, leo tuzungumze hali ya hewa tu."

Nikazungumza hali ya hewa. Nikasema theluji ya mwaka huu nimeiona vizuri sana, asubuhi mpaka jioni, siku zote za wiki, kupitia dirisha la sebuleni kwangu, pale nilipotandika mkeka.

Akaweka kalamu chini. "Kaka Orest. Hiyo siyo hali ya hewa."

Mara ya pili nilimpelekea chupa ya matango ya chumvi ya Darka, zawadi isiyo na neno, ila juu ya kifuniko niliandika "Yametengenezwa mbele ya macho yangu, mwanzo mpaka mwisho". Aliyarudisha. Alisema ikibidi ataniripoti kwako kama mtu anayevujisha siri. Na ninajua kwamba ilimuuma kuyarudisha, kwa sababu alifungua kifuniko kwanza akanusa.

Tangu hapo napimwa nikiwa nimeuma kitambaa. Jicho la Bibi Marivic mmelilinda, lakini roho yangu mmeiacha wazi kwenye baridi.

7. SHUKRANI AMBAZO HAZIJAFIKA. Kwa kuwa kura yenu ilikosea, na mimi si mtu wa kukaa nikisubiri ofisi, niliirekebisha mwenyewe. Lalamiko langu hapa ni kwamba hadi leo hakuna aliyeniambia ahsante.

Tangu Pasaka, kila Alhamisi jioni Baldur anakuja gereji kwangu na kunifundisha kila kitu alichofundishwa kliniki. Mimi nampa kurasa za kijitabu, kwa sababu si haki yeye naye akose. Baldur, kwa kawaida yake, aliingiwa na wasiwasi. Akasema, "Shemeji, hawa watu si wanatulinganisha? Tukichanganya mambo, hatutawaharibia hesabu?" Nikamwambia, "Baldur, wanatafuta mazoezi yanayoponya. Sisi tunapona. Tunawasogezea jibu mlangoni."

Akafikiri. "Lakini watajuaje ni lipi lililoponya?"

Nikamwambia, "Wewe kunja goti."

Habari ikasambaa. Mama wa posta, ambaye goti lake mlilipangia nyumbani kama langu, alituona kupitia mlango wa gereji tukirukaruka, akaomba kuingia. Akamleta mwalimu wa sayansi wa hapa shuleni, ambaye ni wa kliniki, na aliyekaa pembeni jioni nzima akisema "hapana, hapana, hapana", halafu akavua koti. Gereji ikajaa. Sasa tumehamia klabu ya kusukuma mawe barafuni, kwa sababu kiangazi hakina barafu na sakafu ile ni nzuri kwa kuruka. Magoti yote ya utafiti wenu yaliyoko mji huu yanakutana pale, ya kliniki na ya nyumbani, yakifanya mazoezi yote, kisha tunakula piroghi za viazi alizopika Darka. Hakuna tena wa huku wala wa kule. Hata yule kijana wa kliniki mwenye saa shingoni alikuja wiki iliyopita kutazama. Alishika kichwa kwa mikono miwili, nadhani kwa kuguswa.

Ninachoomba ni barua fupi tu ya shukrani, ya kubandika ukutani.

8. KIPIMO CHENYEWE. Mnatupima kwa kuturusha kwa mguu mmoja, halafu mnapima kwa utepe tumefika wapi. Mtu mzima gani huruka kwa mguu mmoja, isipokuwa aliyekanyaga mdoli wa mtoto usiku? Mnatufunga kwenye kiti cha mashine tupige teke, mashine iseme paja lina nguvu kiasi gani. Sawa. Lakini hakuna mahali popote mlipopima kuchuchumaa mpaka chini, mikono imekunjwa kifuani, na kurusha mguu mmoja mbele huku watu wanakutazama na mama mkwe wako anasema kitu kwa Kiukraini. Hicho ndicho kitu ambacho goti liliumbiwa. Kipimo kisichokuwa na kodiani hakijapima goti, kimepima mguu.

9. MIEZI TISA. Kila ukurasa wa kijitabu unanikumbusha: kabla ya miezi tisa, marufuku kuruka kwa nguvu, kugeuka ghafla na kuchuchumaa kwa kurusha. Kano mpya haijashika, mnasema. Ikikatika tena, tunaanza upya. Nimewasikia. Lakini harusi itanikuta na miezi saba. Nimefikiri sana juu ya hiyo tisa yenu. Miezi tisa ni muda wa kutengeneza mtoto mzima, ubongo wake, kucha zake, na magoti mawili mapya. Mimi naomba kano moja. Haiwezi kuwa inachukua muda uleule. Mtu fulani alinakili vibaya.

Daktari, niweke mzaha pembeni kwa mistari michache. Duara lile litafunguka kwa ajili ya Kalyna mara moja tu. Sina binti mwingine wa kusema nitarekebisha kwa huyu. Nimefanya kila ukurasa. Nimekaza paja kitandani, nimekaza paja kanisani, nimekaza paja katika mazishi ya mtu niliyempenda. Uvimbe umeisha, goti linanyooka, linakunjika. Halafu usiku najiona nimesimama ukutani na Wamenonaiti, nimeshika sahani, na Baldur yuko katikati anatafuta funguo.

Kwa hiyo naleta maombi, mchague moja.

(a) Mnihamishe niende kliniki na Baldur arudi nyumbani. Hata msitangaze. Tumekuwa namba tangu Januari. Namba zikibadilishana viti nani atajua? Baldur ameshakubali. Dada yangu ndiye hajakubali, anasema Baldur akikaa nyumbani mchana kutwa ataumia goti la pili, na yeye ndiye atakayemuumiza.

(b) Au mfungue kundi la tatu, Kundi la Harusi. Nitaliongoza mwenyewe. Ninao watu tayari.

(c) Au, na hili ndilo ninalolipendekeza kwa moyo wote, mhamishe utafiti mzima uje ukumbini mwezi wa nane. Magoti ya kliniki yakae upande wa baa, ya nyumbani upande wa jiko. Bibi Marivic awekwe kiti akitazama ukuta, ageuzwe tu wakati wa kupima. Kamati ya Maadili ikae meza moja na padri, watakuwa na mazungumzo. Muziki ukianza, goti moja moja liingie katikati. Litakaloinuka lenyewe limepona, litakaloinuliwa na watu halijapona, nanyi mtakuwa na jibu kabla keki haijakatwa. Utafiti uliowachukua miaka utaisha kwa wimbo mmoja, na mtakula kabichi za kuviringishwa. Sidhani kama kuna watafiti wa Winnipeg waliowahi kupata ofa kama hiyo.

Naomba majibu mapema, kwa sababu miguu yangu inahitaji kujua.

Nisalimie wote hapo ofisini: dada wa kompyuta, na kompyuta yenyewe, sina kinyongo nayo; muuguzi wa simu, mwambie leo ni tatu; Kamati ya Maadili, mmoja mmoja kwa jina lake, maana sina majina yao; na Bibi Marivic, ambaye nina jambo la kumwambia lakini sitamwambia. Darka anawasalimu. Baldur anawasalimu. Mtu wa kijitabu angewasalimu kama angekuwa na mdomo.

Ni mimi mgonjwa wenu mtiifu kwa kiasi,

Orest Hnatiuk
(goti la kushoto)

N.B. Nilikuwa nimeshailamba bahasha. Kalyna akapita kuchukua meza za kukunja, akaona jina lako, akaifungua. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika lalamiko la tisa akakaa chini.

Akaniuliza, "Baba, nani alikuambia ucheze?"

Nikamwambia hakuna anayeambiwa, ni desturi.

Akasema, "Desturi ni wewe na Mama msimame mlangoni mwa ukumbi na mkate na chumvi, mtupokee mimi na Bram tukitoka kanisani. Hicho ndicho nilichotaka. Kingine sijakuomba." Akaendelea, kwa sababu amerithi kwangu kuendelea: "Ukishuka pale katikati goti likakatika, harusi yangu itakuwa habari ya goti lako, kama kila kitu kingine mwaka huu. Kolomeika utaicheza Januari, kwenye Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya zamani. Goti litakuwa na mwaka mzima na mimi nitakuja kukutazama."

Nikauliza, sasa duara nani ataliingia, tumwachie Baldur?

Akanitazama kama vile nimeuliza nani atavaa gauni. Akasema, "Mimi." Akasema viatu vya kuchezea ameshanunua, vyekundu, na kwamba Bram amekuwa akijifunza naye tangu Machi, gizani, ili wazazi wake wasione, na ameshaweza kushuka chini. Kuinuka bado.

Daktari, kwa hiyo msinihamishe popote. Nibakizeni nyumbani, Baldur abaki alipo, na hiyo miezi tisa yenu iacheni kama ilivyo, nimeirudia na naona haikunakiliwa vibaya. Ukumbini njooni tu, lakini bila utepe. Barua naituma kama ilivyo kwa sababu stempu ilikuwa imeshabandikwa.

Nina ombi moja badala ya yale matatu. Kijitabu chenu nimekipitia chote mwanzo mpaka mwisho. Kina zoezi la kulala, la kukaa, la kutembea, la kupanda ngazi. Hakina zoezi la mtu kusimama mlangoni, amebeba mkate mkubwa kwa mikono miwili hawezi kujifuta macho, binti yake akija kwa miguu kutoka kanisani. Naomba mniandikie hilo, nianze nalo mapema.